Rasta za Harusi

Miaka ile nilikuwa kipa wa hoki ya barafu Durban. Watu wakicheka, nawaacha wacheke. Kwetu Bukavu, Kongo, nilikuwa nadaka mpira wa miguu, na mteja mmoja wa saluni niliyokuwa nasuka Durban, nahodha wa timu ya hoki, alipoondokewa na kipa wake aliniuliza kama naogopa kupigwa. Nikamwambia naogopa baridi tu.

Ligi yenyewe ilikuwa ndogo, timu chache za mkoa, wanawake na wanaume tumechanganyika. Wawili watatu walilipwa; sisi wengine tulipewa viatu vya kuteleza na lifti ya kurudi nyumbani. Nje, ufukweni South Beach, watu wanavuja jasho, ndani sisi tunatoa mvuke mdomoni. Sikuona ajabu yoyote. Ilikuwa shughuli ya Ijumaa jioni, baada ya kusuka vichwa vya watu wiki nzima.

Saluni ilikuwa mtaa wa Umbilo, ya Mama mmoja wa kwetu aliyenipokea nilipofika sina hata pa kulala. Alipomwoza binti yake mkubwa, aliniweka kwenye safu ya wasindikizaji wa bibi harusi pamoja na binti zake wadogo. Kwa mtu asiye na ndugu mji mzima, hilo si jambo dogo. Alitusuka sote kwa mkono wake, rasta nene zilizozungushwa juu ya kichwa kama kata ya kubebea ndoo. Nami, mjinga, nikajitazama kwenye kioo nikafurahi. Helmeti sikuikumbuka.

Mkesha wa harusi tulikuwa na mechi. Mama alinifuata uwanjani ili nikalale kwake na wenzangu wa safu. Alinikuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, helmeti imekwama juu ya rasta, haishuki. Bila kipa hatuchezi, na tulikuwa tumeshakosa mechi moja. Ukikosa ya pili, ligi inakuondoa. Wachezaji wenzangu waliendelea kufunga viatu vyao. Hawakuniomba, na hilo ndilo lililoniudhi. Wangeniomba, ningepata wa kumlaumu.

Nikachukua mkasi wa kukatia utepe wa fimbo za hoki.

"Unafanya nini? Kesho iko harusi!" Mama akasema.

"Mama, hii helmeti haiingie. Nikikosa mechi, ekipe ya hoki inakufa."

"Na mimi je? Batoto banaingia kanisa kichwa moja, we peke yako mbalimbali?"

"Nitafunga kitambaa, Mama."

Akajibu, akimalizia kwa "sawa" ya vijana wa Durban: "Kata basi. Sharp."

Nikakata. Mshika mawili moja humponyoka. Nahodha alinisaidia kufumua, kwa vidole vinene visivyojua kichwa cha mtu, akaniumiza. Mama hakugusa hata unywele mmoja, na mechi ilipoanza sikumwona tena. Tulifungwa, tena vibaya, lakini timu ilibaki kwenye ligi. Nikaenda kulala kwangu.

Asubuhi nilifika kanisani nimefunga kitambaa. Gauni langu lilikuwa limevaliwa na binti wa jirani, limebanwa pini mgongoni. Mama alinisalimia vizuri, akanionyesha kiti cha nyuma, kati ya wageni. Safu ilipoingia nilipiga vigelegele kuliko watu wote, ili wasisikie kwamba nalia.