Makofi ya Mzee Deodatus Mlangoni pa Chumba cha Vipimo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ya Mwimbi, mganga msimamizi alinipa koti jeupe lililonizidi ukubwa, akaniambia, "Kijana, mgonjwa huanza kupimwa akiwa bado mlangoni. Mtazame anavyotembea kabla hajajua kwamba unamtazama." Nilikuwa nimetoka seminari ndogo, na maneno yale niliyapokea kama ya padri wa maungamo. Niliyashika Mwimbi, nikayashika Laela, hadi nilipohamishiwa hospitalini Sumbawanga. Namshukuru Mungu kwa mafundisho hayo, ingawa ndiyo yaliyotuponza.

Sumbawanga nilikuwa tabibu katika chumba cha kuwapima askari wastaafu walioomba kutambuliwa kuwa walipata ulemavu jeshini. Wengi walikuja na mgongo. Vijana mnaosomea tiba, jueni kwamba mtu kusema anaumwa hakukutosha. Kwanza tulithibitisha ugonjwa wa sasa: eksirei ya pingili, yaani mifupa midogo iliyopangana kutoka shingoni hadi kiunoni, na kipimo cha pembe, ala kama rula mbili zilizounganishwa, kuona mtu anainama nyuzi ngapi kabla maumivu hayajamzuia. Pili, tulitafuta tukio lenyewe la jeshini, katika kumbukumbu au kwa mwenzake aliyeshuhudia. Tatu yalikuwa maoni ya daktari yanayounganisha hayo mawili. Kimoja kikikosekana, ombi lilikataliwa.

Mzee Deodatus alikuja kutoka Kate asubuhi moja ya baridi, ukungu umeingia hadi kwenye korido. Zamani, akipakua lori jeshini, kreti la risasi lilimwangukia mgongoni, na mwenzake aliyemtoa chini yake alikuwa ameandika ushuhuda. Alichoomba ni kutambuliwa, ili atibiwe kama askari aliyeumia kazini. Alipomwona Mganga Mfawidhi, mkuu wetu aliyekuwa mgeni kutoka pwani, alichuchumaa pale mlangoni hadi chini, akainamisha kichwa, akapiga makofi mawili taratibu, kama sisi Wafipa tunavyowasalimu wakubwa.

"Shikamoo, mzee! Mbona unachuchumaa vizuri kunishinda mimi?" Mganga Mfawidhi alicheka.

"Marahaba, daktari. Mkubwa hasalimiwi umesimama kama mlingoti."

Niliusikia mgongo wake ukilia kama bua kavu lililokanyagwa. Niliona jasho kwenye paji la uso, katika baridi ile. Aliinuka kwa kushika ukuta, lakini Mganga Mfawidhi alikuwa ameshageukia meza. Tulipompima kwa ala, mzee aliinama nyuzi chache tu, akasimama akihema.

Alipotoka, Mganga Mfawidhi alisema, "Anatuigizia huyu. Mlangoni ameshuka kama kijana. Andika: anainama bila shida. Eksirei haina haja."

Nami, Mfipa, ninayejua kwamba mtu wa kwetu atasalimu hata kama kusalimu kutamvunja, niliandika.

Kesho yake asubuhi nilisikia makofi mlangoni. Mawili, taratibu, yakitokea chini, usawa wa magoti. Nilifungua. Ukungu, na benchi tupu. Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu Mganga Mfawidhi alikuwepo, na kalamu ikasimama mkononi mwake.

"Kuna mtu," alisema.

"Fungua mwenyewe, daktari."

Alifungua. Sakafu ilikuwa na unyevu wa ukungu, haina hata alama moja ya kiatu.

Wageni wakisikia Sumbawanga huanza hadithi za uchawi. Mimi ni mtu wa rozari, sikuwa na hadithi. Nilikuwa na dhambi ya kuandika kinyume cha nilichokiona. Nikamweleza maana ya salamu ile.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa cheo chako."

Alifungua droo ya meza. "Fomu haijaondoka. Mwite dereva."

Kate tulipokelewa na Mama Leokadia, mke wa mzee. "Tangu arudi huko kwenu hajasimama," alisema. "Ila kila asubuhi anageukia ukuta, anapiga makofi mawili. Nikimuuliza, baba, unamsalimu nani? Anasema, 'Nimefika Sumbawanga, hawajanifungulia.'"

Mganga Mfawidhi alichuchumaa kando ya kitanda, akapiga makofi, ovyo kama mgeni. Mzee akageuza uso.

"Mmechelewa kufungua," alisema, akatabasamu.

Tulimpakia garini hadi hospitalini, na eksirei ilionyesha pingili mbili za kiunoni zimesagika, kwa jeraha la zamani. Tuliifuta taarifa ya kwanza kwa mstari mmoja, tukasaini wote wawili, tukaandika kwamba salamu ya mgonjwa si kipimo cha mgongo. Ombi lilikubaliwa. Alitibiwa, akavuna ulezi wake misimu kadhaa akitembea kwa fimbo.

Sasa nimestaafu, na mgongo wangu nao unalia nikipiga goti kanisani. Mwaka jana tulimzika Mzee Deodatus. Asubuhi iliyofuata, ukungu ukiwa umeziba dirisha, nilisikia makofi mawili mlangoni kwangu, chini, usawa wa magoti. Safari hii sikumsubirisha. Nilifungua mlango wazi, nikashuka polepole pale kizingitini mpaka nikachuchumaa, nikaitikia.