Chichigua na Boli Tatu

Kompadre wangu Leoncio Berroa hajawahi kurusha mpira kwa kasi maishani mwake. Namwita kompadre kwa sababu ndiye aliyemshika binti yangu siku ya ubatizo, na mtu akishakushikia mtoto mbele ya padri huwezi tena kumwita jirani tu. Watu wa Tres Ceibas, kambi yetu ya wafanyakazi wa miwa, walimwita Chichigua, yaani kishada, kwa vile mpira ukitoka mkononi mwake ulielea kama kishada siku ya upepo mdogo. Ungeuona unakuja, ukanywa kahawa yako, ukatazama tena, bado unakuja. Natia chumvi, lakini si nyingi.

Siku sita za juma alikuwa kwenye mizani ya miwa. Mkokoteni wa maksai unaingia, mnyororo unanyanyua mzigo, Chichigua anasoma mshale, anapaza sauti kutaja uzito, mkokoteni unatoka. Miaka ishirini na sita hivyo hivyo. Wenye miwa hawakumtazama usoni, waliutazama mshale. Lakini Jumapili baada ya misa alivaa shati lenye namba kumi na nne mgongoni, akapanda kile kichuguu cha mrushaji katikati ya uwanja wa besiboli, na watu mia tatu wakamtazama yeye. Mke wake, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mumewe anazaliwa Jumapili na kufa Jumatatu.

Sasa nije kwenye ule ubishi. Kinyozi wetu, Cuqui, ndiye aliyekuwa kocha wa timu, na dukani kwake ubishi ulikuwa mmoja tu: mrushaji na mpigaji, nani ana nguvu juu ya mwenzake? Inategemea hesabu imefika wapi. Straiki tatu, yaani mipira mitatu aliyoipunga akaikosa au iliyopita mahali panapofaa naye akaiacha, mpigaji yuko nje. Boli nne, yaani mipira minne iliyopita mahali pasipofaa naye asiifuate, anatembea bure mpaka kituo cha kwanza. Basi straiki mbili bila boli, mrushaji ndiye bwana, hilo hata mbuzi wanajua. Je, boli tatu bila straiki?

"Mpigaji ni mfalme," Cuqui alikuwa akisema, wembe hewani. "Mrushaji sharti arushe katikati. Hana pa kujificha."

"Mfalme mwenye njaa," Chichigua anajibu kutoka kitini, povu mpaka masikioni. "Na mwenye njaa hula hata kisichoiva."

"Nyamaza, nitakukata sikio."

"Kata. Mkono ndio ninaouhitaji."

Hakuwa anatania. Kwetu huku kila mpigaji anawaza wale wageni wenye kofia wanaokuja kutafuta vipaji. Wageni hao hawaandiki jina la mtu aliyepewa kituo cha bure. Wanamwandika aliyeupeleka mpira kwenye miwa. Ndiyo sababu akina mama wetu humwambia mtoto maneno yale yale tangu anapocheza kwa kifuniko cha chupa na mpini wa ufagio: kisiwa hiki hakitokwi kwa kutembea, piga! Chichigua aliyasikia maneno hayo akayafanya mtaji. Alirusha boli mbili, hata tatu, kwa kusudi. Mpigaji anajiona mfalme, mate yanamjaa, halafu kinamjia kishada kimoja kirefu usawa wa kofia. Anakikurupukia kwa nguvu zote, na mpira unapanda juu wima kama moshi wa jikoni, unarudi, unatua kwenye glavu ya mtu wetu, naye mpigaji yuko nje. Aliwala watu hivyo miaka kumi na tisa.

Mwaka alipotimiza arobaini na sita, bega likaanza kumkatalia. Alifungwa Jumapili tatu mfululizo. Ya nne ilikuwa siku ya kucheza na watu wa La Jagua, kambi ya ng'ambo ya reli, ambao tukifungwa nao hatulali. Kabla ya mchezo Cuqui alimwita pembeni. Mimi, muuza kahawa wa kambi, nilikuwa nawamiminia, kwa hiyo nilisikia yote.

"Chichi, mashati ni kumi na tano tu, na nina kijana anarusha moto. Leo wakisawazisha wewe ukiwa juu ya kichuguu, unalivua hapo hapo."

"Hapo hapo? Mbele za watu?"

"Mbele za watu. Mimi ni rafiki yako, lakini pia mimi ni kocha."

"Wewe si rafiki wala kocha. Wewe ni mkata ndevu."

Lakini hakucheka, na kahawa yangu hakuimaliza. Sijawahi kumwona akiacha kahawa.

Basi mchezo ukaenda, ukaenda, mpaka zamu ya tisa, ya mwisho. Sisi nne, wao tatu. Watu wao wawili wako nje, amebaki mmoja tu wa kutolewa. Lakini vituo vyote vitatu vimejaa, kwa hiyo boli nne tu zingemsukuma mtu nyumbani, kituo cha mwisho, na kusawazisha. Na nani anakuja na gongo begani? Radhamés, mtoto wa Doña Eufemia muuza yaniqueque, yale mandazi bapa. Huyo alikaa kaskazini, kwa wale wageni wenye kofia, miaka minne kwenye timu ndogo za huko, akarudi na goti bovu. Huko walimfundisha jambo ambalo kwetu halifundishwi: kungoja.

Mimi nilikuwa nyuma ya wavu na birika langu. Doña Eufemia alikuwa ubavuni mwangu na karai lake la mafuta.

Mpira wa kwanza ulipita nje. Radhamés hakutikisika. Boli. Wa pili ukapita chini, magotini kwa sungura. Boli. Kisha Chichigua akarusha chenyewe, kile kishada cha usawa wa kofia kilichowatoa watu miaka kumi na tisa. Radhamés alikisindikiza kwa macho kama mtu anayetazama mvua akiwa dirishani.

Boli tatu! Straiki hakuna!

"Vua shati! Vua shati!" watu wa La Jagua wakaanza kuimba. Walijuaje habari ya shati? Naapa nilimwambia mtu mmoja tu.

Cuqui aliitupa kofia yake chini akaikanyaga. Chichigua alijifuta jasho, akamtazama Radhamés, kisha akatazama huku nyuma ya wavu. Nikadhani ananitazama mimi, nikamnyanyulia birika kumpa moyo. Kumbe wala.

Akarusha katikati kabisa, taratibu, laini kama muhogo wa kuchemsha. Radhamés akauacha. Huko kaskazini ndivyo walivyomfundisha: boli tatu, ngoja mmoja zaidi.

"Straiki!"

"Weee Radhamés!" Doña Eufemia aliruka hata mafuta yakanirukia mkononi. "Umeuacha ule? Ule hata mimi ningeupiga kwa kijiko cha kukaangia!"

Watu wa La Jagua, watu wake mwenyewe, wakaangua kicheko. Chichigua akarusha tena katikati. Safari hii Radhamés alipiga. Mama yangu! Mpira uliondoka ukilia, ukavuka uwanja, ukazama kwenye miwa. Nilifumba macho. Nilipofumbua, mwamuzi alikuwa ameinyoosha mikono pembeni: umetoka nje ya mstari kwa dhiraa mbili. Straiki ya pili.

Boli tatu, straiki mbili. Basi uwanja mzima ukageuka duka la kinyozi.

"Sasa ni wa mpigaji!"

"Wapi! Ni wa mrushaji!"

"Ana nini yule mrushaji? Bega limeoza!"

Doña Eufemia alipanda juu ya ndoo yake. "Mwanangu! Sikukulisha miaka ishirini ili upewe kituo kama sadaka! Kisiwa hakitokwi kwa kutembea! Piga!"

"Mama, nyamaza basi!" Radhamés akasema bila kugeuka. Watu wakacheka zaidi, na nikaona mabega yake yakipanda, yakakaza. Chichigua naye aliyaona. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu kahawa.

Akakunja mkono, akarusha kishada. Kilipaa, jamani. Kilipita juu ya kofia kwa shibiri nzima, mbuzi angekiacha. Nikasema moyoni, kompadre, umejizika. Na Radhamés akapunga gongo. Nilisikia hewa ikichanika. Halafu mpira ukalia, pa! kwenye glavu ya mdakaji.

"Straiki tatu! Nje!"

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Najua nilimkumbatia mtu nisiyemjua na birika lote la kahawa likamwagika kati yetu. Doña Eufemia, bado juu ya ndoo, akapiga kelele: "Mjinga wewe! Ule ulikuwa juu! Kwa nini umenisikiliza?"

Cuqui alitembea mpaka kwenye kichuguu bila kofia. Alinyoosha mkono kwenye shati la Chichigua, akakifunga kifungo cha juu kilichokuwa kimefunguka, akamgeuza akamsukuma kwa watu wake.

Jumatatu nilipeleka kahawa kwenye mizani kama kawaida. Shati namba kumi na nne lilikuwa limeanikwa kwenye mnyororo, linadondosha maji. Radhamés alikuja na mkokoteni wa mjomba wake. Hakuutazama mshale.

"Mzee, ule mpira wa mwisho ulikuwa boli."

"Ulikuwa boli. Tena boli mbaya."

"Ningeuacha, ningekwenda kituo cha kwanza, na wewe ungevuliwa shati. Ulithubutuje kunirushia vile?"

"Sikukurushia wewe, mwanangu. Nilimrushia mama yako."

Radhamés alicheka mpaka maksai wakashtuka. "Basi Jumapili ijayo simleti."

"Utaweza kumzuia?"

Kijana aliwaza, akajikuna shingo.

"Siwezi."

"Basi ningali mbele," akasema Chichigua, akageukia mshale.