Mate Juu ya Mutamaiyu

Juzi kanisani tulimpigia makofi mzee mmoja, mwuza mbao, kwa kutoa meza ya ushirika yenye mawimbi kama maji ya mto. Mawimbi yale niliyajua. Alasiri moja ya utoto wangu kule Tetu, mzee huyo aliliinamia gogo la mutamaiyu, mzeituni wa mwituni, ambalo baba alikuwa amelipasua, likinukia bado, akalitemea mate na kulisugua kwa kidole. Nikadhani analibariki, kama wazee wetu wanavyobariki, nikaitikia, "Amina!" Kumbe alililowesha ili auone urembo wake.

"Mti huu ni mgonjwa, Baba Wangari. Nipe tu nikachome makaa."

Baba akampa bure, akamshukuru.

Jumapili ni zamu yangu ya kutoa ushuhuda. Namshukuru Mungu kwamba mzee yule angali hai, na masikio yake yanasikia vizuri.