Bashiru Mfunga Majaketi

Kwa miaka kumi na moja Bashiru Fakihi aliendesha boti ya abiria kwenye mto mmoja kusini mwa Lindi, akivusha wakulima wa korosho, wagonjwa na walimu. Siku hizi haendeshi. Husimama gatini tangu asubuhi akiwafunga watu majaketi okozi, mpaka vidole vinakufa ganzi.

Yote yalianza siku moja ya gulio, miaka saba iliyopita. Boti ya watu ishirini ilikuwa na watu thelathini na mmoja. Maji yalikuwa yamekupwa, njia imebaki nyembamba. Kwenye kona ya mikoko Bashiru alikutana uso kwa uso na boti ya mwenzake, Valentini, iliyokuwa ikirudi imejaa. Kila mmoja alingoja mwenzake apishe. Boti ya Bashiru ikaigonga ya Valentini ubavuni, zote mbili zikapinduka.

Walikufa watu tisa, Valentini akiwamo. Majaketi yalikuwamo manne tu, tena chini ya magunia.

Mahakamani Bashiru hakujitetea sana. "Nilimwona," alisema. "Ningeweza kupunguza mwendo. Sikupunguza." Akafungwa miaka miwili. Aliporudi alishika jembe pamoja na mkewe Zakia, na akiwa na safari ya ng'ambo ya pili alizunguka kwa barabara, nusu siku nzima, asiuone mto.

Kijiji nacho kilikuwa kimeweka taratibu: boti moja isiondoke kabla nyingine haijafika, abiria wasizidi ishirini, kila mtu avae jaketi. Lakini wasimamizi wawili waliowekwa gatini waliacha kazi, mmoja baada ya mwingine, kwa kuchoka kutukanwa. Ukaitishwa mkutano. Akasimama Salome, ambaye binti yake Flora alikuwa mmoja wa wale tisa.

"Apewe Bashiru," alisema.

Bashiru alijibu kutoka nyuma, "Mama, mimi sifai. Watu hawataki hata kuniona."

"Sijakusamehe, usije ukadhani. Ila hao wengine wakitukanwa wanaondoka. Wewe utaondoka uende wapi?"

Akaichukua kazi. Kila siku maneno ni yaleyale: jaketi linanuka, linakunja shati, linambana mtoto mgongoni. Bashiru huyafua majaketi mwenyewe na kuyaanika, na kesho yake yananuka tena. Siku moja mgeni mmoja mwenye suti alikataa katakata.

"Mimi najua kuogelea, bwana."

"Hata Valentini alijua, mzee wangu."

Boti haikuondoka. Ilikaa nusu saa juani, hadi abiria wenyewe wakamgeukia yule mgeni kwa makelele, naye akavaa.

Tangu Bashiru ashike kazi hiyo ni mwaka wa nne, na hakuna aliyekufa maji pale. Hakuna pia anayemshukuru. Mtu hashukuriwi kwa jambo ambalo halikutokea. Mwezi uliopita alipata homa, akaenda kazini nayo siku tatu, ya nne akashindwa kuinua mikono. Alipopata nafuu alikwenda kwa Salome, akamkuta anamenya kunde.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Nimechoka, mama. Nataka kuacha."

Salome aliendelea kumenya. "Umempata wa kushika?"

"Sijampata. Nimeuliza wanne."

Salome hakuwa ameukanyaga ule mchanga wa gatini tangu siku mwili wa Flora ulipotolewa majini.

"Jumatatu na Alhamisi nitashika mimi," alisema hatimaye. "Ila ile mikanda yenu siijui. Utanionyesha."

Bashiru alimwonyesha Jumapili, baada ya Salome kutoka kanisani: mkanda wa chini kwanza, ndipo wa kifuani. Salome alirudia mara tatu, akaenda zake.

Kesho yake, Jumatatu, Bashiru alisali alfajiri, akarudi kitandani. Jua lilipanda, injini ya boti ya kwanza ikasikika kwa mbali, na Zakia hakumwamsha.