Mtu Mbaya Aliyependwa Gungu

Nitalisema mapema ili nisije kuulizwa: nilimwonea wivu rafiki yangu, na rafiki wa kweli nilikuwa naye huyo mmoja. Haukuwa wivu wa mwanamke wala wa mali. Nilimwonea wivu kwa ajili ya mtu mbaya wa kwenye tamthilia, mtu ambaye hayupo, aliyetungwa na watu wasiojua Kigoma iko upande gani wa dunia.

Kazi yetu ilikuwa kutia sauti. Katika kibanda umiza kimoja cha Gungu, chenye mabenchi ya mbao na skrini ukutani, tulikaa pembeni kila mmoja na maiki yake, tukapunguza sauti ya Kizungu cha kwenye picha na kuweka Kiswahili chetu juu yake, hapo hapo, watu wakisikiliza. Zaidi tulionyesha tamthilia za mashujaa, wale wanaoruka angani na kubeba magari. Hakuna aliyetuandikia cha kusema. Kiingereza changu ni cha darasani. Pale nisipoelewa nilimtazama mtu usoni nikamtungia maneno. Watazamaji hawakulalamika, maana nao walikuwa wanamtazama usoni.

Rafiki yangu alikuwa Mhindi wa Ujiji. Ndivyo tulivyomwita, ingawa yeye na mama yake na bibi yake wote walizaliwa Ujiji, na Kiha chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi wa Mwandiga. Mama yake alikuwa na duka la vitenge. Tulisoma wote tangu darasa la kwanza, na habari ya maiki ilikuwa wazo langu. Mimi ndiye niliyemleta pale kibandani, na jambo hilo nililikumbuka kila siku.

Tamthilia yenyewe ilikuwa na shujaa kijana, Mzungu mwenye kidevu kipana, na adui yake mhandisi mwenye sura ya Kihindi, aliyetaka kuuzamisha mji mzima majini. Katika sehemu za mwanzo sura ya namna ile ilikuwa hiyo moja tu. Rafiki yangu alipomwona alicheka, lakini si cheko la furaha.

"Tangu utotoni nangoja mtu wa sura ya kwetu atokee kwenye hizi picha," akasema. "Kila akitokea, ana sumu mkononi."

"Afadhali ninyi," nikamwambia. "Sisi weusi ni walinzi wa getini. Tunakufa kabla watu hawajakaa sawa."

"Basi niachie huyu. Wewe chukua shujaa."

Nikaona kama tumegawana ng'ombe, amenipa nundu, yeye kabaki na kwato. Nani anataka kuwa mtu mbaya ukiwa umeachiwa shujaa? Nikajaza kifua hewa, nikaanza kunguruma.

Yeye hakunguruma. Mhandisi wake aliongea taratibu, kwa adabu, kama mtu anayepokea wageni nyumbani kwake. Alipotishia kumwua mtu alimwita kwanza "ndugu yangu". Alipokasirika alinyamaza, na kibanda kizima kikanyamaza naye. Maneno hakuyabadili, kwa sababu Kiingereza alikijua vizuri. Ila katika kinywa chake ukaanza kuelewa kwamba yule mhandisi aliwahi kujenga daraja, kwamba wakubwa wa mji walimnyang'anya sifa zake, kwamba hasira yake ilikuwa na mahali ilipoanzia. Mambo hayo yalikuwemo kwenye picha tangu mwanzo. Mimi sikuyaona.

Watu wakampenda. Mama mmoja muuza mawese wa Mwandiga akawa anafunga biashara mapema kila Jumamosi aje kumsikiliza mhandisi. Mtaani rafiki yangu akaanza kuitwa Mhandisi. Nilikuwa nikitembea naye Katubuka, watu wakimsalimia yeye kwanza, wakimwuliza mji utazama lini. Siku moja dereva wa bodaboda akanitazama mimi, akafikiri kidogo, akasema, "Na wewe si ndo yule anayerukaruka?"

Niliitikia ndiyo. Roho iliniuma wiki nzima.

Wanasema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nikangoja alitie maji. Hakulitia. Badala yake akaongeza bidii, akawa anazitazama sehemu mpya kwenye simu kabla ya siku yake, anaandika pembeni maneno magumu, kisha anakuja ananieleza na mimi. Mtu mwenye moyo safi angeshukuru. Mimi nilisema moyoni: anajifanya mwalimu wangu, huyu niliyemleta kwa mkono wangu mwenyewe.

Kisha ikaja Jumamosi aliyokwenda Kasulu kupeleka mzigo wa vitenge vya mama yake. Kabla ya kuondoka alinipitia.

"Sehemu ya leo usiionyeshe," akaniambia. "Weka nyingine yoyote, hii ingoje mpaka nirudi. Ina mahali pagumu. Nataka niifanye mwenyewe."

"Haina neno," nikasema. "Nakungoja."

Nilimwahidi hivyo, na saa nane mchana, kibanda kimejaa, joto la bati limetushukia, watu wakaanza kuuliza: Mhandisi yuko wapi? Hakuna aliyeuliza kama shujaa yupo. Nilikuwa nimekaa mbele yao, maiki mkononi, nao wanauliza Mhandisi yuko wapi. Nikaiweka ile sehemu. Nilitaka wajue kwamba hata huyo Mhandisi wao naweza kuwapa mimi.

Dakika tano za kwanza nilimwiga rafiki yangu, ile sauti ya taratibu. Mtu nyuma akasema, "Huyu siye." Wengine wakacheka. Uso ukaniwaka. Hapo picha ikaonyesha chumba kidogo, bibi mzee wa Kihindi amelala kitandani, mhandisi amepiga magoti anazungumza huku ameshika kitambaa cheupe. Sikuelewa hata neno moja. Nikamtazama usoni, nikakiona kitambaa, na kwenye kichwa changu vitu viwili hivyo vikakutana, sura ya Kihindi na kitambaa. Nikafungua mdomo.

"Mama, hii sanda ya bei kubwa. Mimi hapana veza punguza. Veve kufa pole pole, bei itashuka."

Kibanda kikapasuka. Watu waliangukiana mabegani, mama wa mawese akajifuta machozi ya kicheko. Nikaendelea. Kila mhandisi alipofumbua mdomo nilimtia hicho Kiswahili cha kuvunjika, cha dukani, ambacho sijawahi kukisikia katika duka hata moja la Ujiji. Mhandisi alilia pale kwenye skrini, mimi nikamfanya analilia mita mbili za kitambaa. Na nitasema kweli: sijawahi kuwa na raha kama ile. Kwa mara ya kwanza walinitazama mimi.

Mtu alirekodi kwa simu. Kufika Jumapili jioni kipande kilikuwa kwenye magrupu yote, Gungu mpaka Ujiji. Jumatatu wateja wakaanza kuingia dukani kwa mama yake rafiki yangu wakiuliza bei ya kitenge kwa sauti ile. Walikuwa wanatania tu. Hata watu aliowauzia nguo za harusi waliingia, wakasema hapana veza punguza, wakacheka, wakangoja naye acheke.

Rafiki yangu alikuja kwangu Jumanne asubuhi. Hakukaa.

"Ulijua pale anasema nini?"

"Sikujua."

"Alikuwa anamwomba mama yake radhi, kwa kuwa hakuwepo alipomhitaji. Ni mahali pekee kwenye tamthilia yote ambapo yule mtu ni mtoto wa mtu. Ndiyo maana nilikwambia uningoje."

Nikamwambia kweli, kwa sababu uongo ulikuwa umekwisha. Nikamwambia nilimwonea wivu, tangu siku ya kwanza, na kwamba watu walipouliza yuko wapi nilishindwa kuvumilia.

"Wivu niliujua," akasema. "Nilikaa pembeni yako, bwana, ningeachaje kuujua? Huo ningeuvumilia. Lakini ulipotaka watu wakucheke, ulikwenda kukichukua hicho kicheko kwa mama yangu."

Akaondoka, na Jumamosi hiyo hakuja kibandani.

Nilikwenda dukani kuomba radhi. Mama yake alikuwa anakunja vitenge.

"Mwakeye, mama. Shikamoo," nikamsalimu, kwanza kwa Kiha.

"Marahaba, mwanangu." Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukunja. Kisha akaniuliza, "Hiyo sauti uliitoa wapi? Mimi umenisikia tangu una meno ya utoto. Niliongea hivyo lini?"

"Hukuongea hivyo, mama. Niliitoa kwenye maigizo ya redioni."

"Basi," akasema. Akamwuliza mteja aliyekuwa nyuma yangu anataka nini. Sikuwahi kufukuzwa kwa upole namna ile.

Kibandani nilibaki na maiki zote mbili. Wiki mbili watu walicheka, ya tatu wakachoka, ya nne mama wa mawese akaniambia anamtaka Mhandisi wake wa zamani. Nikawaambia amesafiri. Hakuwa amesafiri. Alikuwa nyumbani kwao anairekodi tamthilia ile ile peke yake, tangu sehemu ya kwanza, sauti zote, na flashi zake zikaanza kuuzwa Mwandiga stendi.

Nilinunua moja, kwa kofia iliyofunika macho. Nilijua nitakachokuta. Mimi ningekuwa yeye, ningemtafutia mtu wa Mwandiga, yaani mimi, nafasi ya kipumbavu kuliko zote: yule mlinzi wa getini, au mpambe wa adui, au msaliti anayeuza siri za rafiki yake. Ningemtia Kiha changu cha kukwamakwama, cheko langu la kujisifu, nikaacha mji mzima unicheke. Nilikaa na kompyuta mapajani nikiisikiliza sauti yangu ije. Naapa niliingoja kwa hamu, maana mtu hakusemi vibaya kama amekwisha kukusahau.

Mhandisi aliongea taratibu na kwa adabu. Mlinzi wa getini aliongea kama mlinzi, mtu mzima aliyechoka na zamu, na alipokufa nilisikitika, jambo ambalo halijawahi kunipata. Msaliti alikuwa msaliti tu. Hata shujaa alimpa sauti nzuri, ya kijana mwenye hofu, kuliko nilivyowahi kumpa mimi. Nikasikiliza sehemu zote kumi na mbili, nikarudia zile za watu wabaya. Sikuwemo.