Kinyozi Aliyeapa Hapandi A380

Mimi naitwa Tumu, na nina mke mwenzangu. Msishtuke, mke mwenyewe ni ndege. Ana injini nne, ana nundu karibu na kichwa, na mume wangu Pandu alimpenda kabla hajanijua mimi. Anaitwa Jumbo, ile Boeing 747, na kila mtu wa mtaa wetu wa Rosettenville aliyewahi kunyolewa na Pandu anajua habari zake, apende asipende.

Pandu ni mtu wa Makunduchi. Alifika Joburg kwa nchi kavu, lori hadi lori, akapata kibarua cha kusukuma toroli uwanja wa ndege. Huko ndiko alikoiona. Anasema iliingia asubuhi, pua juu, taratibu, kama mama mjamzito anayeingia ukumbini akijua atapishwa. Siku hiyo aliacha toroli za watu katikati ya njia akaenda kukodoa macho dirishani, na kibarua kikaota nyasi hapo hapo. Ndipo akashika mashine ya kunyolea. Mtu mwingine angeichukia ndege iliyomkosesha kazi. Huyu wangu akanunua picha yake, akaitundika juu ya kioo cha saluni, pale wenzake wanapotundika picha ya mama mzazi.

Na nikwambieni jambo asilopenda lisemwe: hajawahi kuipanda. Hakuwahi kupanda ndege yoyote. Nyumbani tulikuwa tunakwenda kwa basi, mpaka miguu inavimba, kwa sababu, eti, anaingoja Jumbo iende Dar.

Sasa, ukuta kwa ukuta na saluni yupo fundi cherehani, François, Mkongo wa Lubumbashi. Mtu mzuri, Jumapili hakosi kanisani, nguo zangu zote za sikukuu kanishonea yeye. Lakini ni mtu wa Airbus. Ile A380 ilipoanza kutua Joburg, François alifunga duka akaenda kuiangalia, akarudi na picha kubwa kuliko ya Pandu. Amani ya mtaa ikaishia hapo.

"Papa Pandu," François alikuwa akiingia saluni na futi yake shingoni, "ile yako iko na gorofa nusu. Nusu tu! Ya sisi ni gorofa mbele mpaka nyuma."

"Nyinyi na nani? Wewe uliitia msumari gani?"

"Ni ya Wafaransa."

"Na wewe umekuwa Mfaransa lini? Wewe Mbelgiji wa kulazimishwa!"

"Eish! Na Boeing ni ya shangazi yako?"

Na Pandu akishabishana, mkono unasimama. Anaikata hewa kwa ile mashine, anakuonyesha bawa linavyokunjika, na mteja yuko pale na nusu kichwa. Gradi, yule mlinzi wa Soweto, aliwahi kwenda kazini upande mmoja umenyolewa na mwingine bado, kwa kuwa basi lake lilifika kabla hawajamaliza habari ya matairi. Kofia ya kazi ilimsitiri, maskini.

Kisha ndege zote mbili zikaacha kutengenezwa. Kwanza hiyo ya François, halafu hiyo ya Pandu. Mashirika yanataka za injini mbili, zisizobugia mafuta. Mtu mwenye akili zake angesema basi, ugomvi umekwisha, tukanywe chai. Wapi! Wakaanza kushindana nani kafa vizuri. "Yangu imeishi zaidi ya nusu karne," anasema Pandu. "Yangu imekufa kijana, ingali mzuri," anajibu François. Khaa! Nilikuwa naweka chai mezani naondoka, maana ningebaki ningemwagia mtu.

Haya yote niliyavumilia. Miaka ishirini na minne ya ndoa, unajifunza mambo ya kuvumilia. Mpaka ile Jumamosi.

Niliingia na bakuli la mihogo ya nazi. Saluni imejaa. François alikuwa anamwambia mume wangu, kwa upole kabisa, kwamba siku moja atapanda A380, na akishakaa kwenye kile kiti atanyamaza mwenyewe. Pandu akapandwa na mashetani. Akainua mashine juu mbele ya watu wote akasema: "Wallahi, siku nikipanda dude lile, Tumu ameachika!"

Mashine ikaendelea kunguruma peke yake. Watu wakaangalia sakafu. Pandu akageuka, akaniona mlangoni na bakuli langu.

Niliumia. Sizungushi maneno, niliumia. Mtu anaapa kwa Mungu, anaapa kwa mama yake, huyu kaniweka mimi rehani kwa ajili ya kitu kinachotiwa upepo matairi. Nikaweka bakuli juu ya meza, nikasonya msonyo mmoja uliosikika mpaka dukani kwa François, nikarudi nyumbani. Jioni akaja na maneno laini, ati yale ni maneno ya saluni, na ndege ataipandia wapi mtu kama yeye. Aliapa kwa kitu alichodhani hakitatokea. Ndiyo maana kiapo kilikuwa rahisi.

Basi Mungu ana mambo yake. Samira, binti yetu, anafanya kazi benki kule Sandton. Kazaliwa hapa, Kiswahili anakisikia vizuri lakini anakujibu Kizulu na Kiingereza. Akaja siku moja na uso unaong'aa, akatukumbatia wote wawili, akasema mimi na baba yake tunakwenda Umra. Kalipa kila kitu, tunasafiri na kundi la msikiti, kupitia Dubai. "Na baba," akasema, "nimekutafutia ndege kubwa kuliko zote duniani!"

Pandu akakaa chini. Akasema goti linamsumbua. Akasema saluni haina mtu. Mtoto akaanza kulia, anadhani zawadi haikupendwa, ikabidi nimweleze mimi. Akatukodolea macho kama tumetoka mwezini. Tiketi zilikuwa za kundi zima, hazibadiliki.

Tukaenda kwa Shehe Burhani. Akamsikiliza Pandu mpaka mwisho, akajifuta macho, na sikujua analia au anacheka. Akasema wapo maulamaa wanaokihesabu kiapo kama hicho kuwa kiapo tu, ukikivunja unalisha maskini. Lakini kwa madhehebu yetu, akikanyaga ndani ya ndege ile, talaka inapita. Talaka moja. "Ila una haki ya kumrejea papo hapo, Pandu. Useme kwa ulimi wako, na ukipata mashahidi wawili ni bora."

Pandu akashusha pumzi. Ah, kumbe rahisi! Nikamwambia ngoja kwanza, na mimi nina langu.

"Uliniacha mbele ya watu," nikasema. "Hunirejei kwa kuninong'oneza sikioni kama unaagiza maji. Utasimama mlangoni pa ndege, utasema kwa sauti, na utasema kwa nini unanirejea. Usiposema, nikitoka Makka nakwenda kwa Samira, na mlango wako sipigi hodi tena."

Shehe akaangalia dari. Pandu akaniangalia mimi, akaona sitanii. Na sikuwa natania. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: kati yangu mimi na mdomo wake, nani mkubwa.

Siku ya safari François ndiye aliyetupeleka kwa gari lake. Njia nzima hakutaja ndege hata mara moja, akasimama kwenye kila robot, zile taa za barabarani, kama anapeleka maiti. Tulipoagana akamwambia Pandu, "Papa, umshike mama mkono," akakimbilia garini. Nadhani alikuwa na machozi.

Ndani, kwenye ukumbi wa kungojea ndege, mume wangu akachagua kiti kinachoangalia ukuta. Mtu aliyeacha kazi ili aangalie ndege, leo kaipa kioo mgongo! Kanzu nyeupe, macho kayafumba, tasbihi mkononi, midomo inakwenda. Nilidhani anasali. Nikasogea nikasikia: "Nimekurejea Tumu kwa sababu... nimekurejea Tumu kwa sababu..." Hapo roho ikanilainika kidogo, lakini nikajizuia.

Wakatangaza tukabadilishiwe nafasi za kukaa. Nikamwambia endelea na dua zako, nikaenda mimi na pasipoti. Nikiwa pale kaunta nikatupa jicho kioo cha pembeni. Bawa la upande huu, injini moja. Nikainama kutazama upande wa pili. Moja. Madirisha, mstari mmoja tu. Nikamuuliza dada wa kaunta. Akasema samahani mama, ile kubwa imepata hitilafu, leo mnakwenda na Boeing ya injini mbili.

Mnadhani nilikimbia kumwambia? Hamnijui. Ameir na Nassir, wale vijana wa kundi letu waliokubali kuwa mashahidi, walikuwa foleni nyuma yangu na wamesikia kila kitu. Ameir akafungua mdomo. Nikamkata jicho, akaufunga.

Tukaitwa. Pandu akatembea akiangalia viatu vyake, njia yote, mpaka mlangoni pa ndege. Akasimama. Nyuma yetu watu wanasukumana na mabegi. Dada wa ndege anatabasamu, karibuni, karibuni. Akasema "Bismillahi," akatia mguu ndani, kisha akanigeukia, rangi imemtoka.

"Tumu mke wangu!" akapaza sauti mpaka dada wa ndege akaruka. "Nimekurejea! Mbele ya Ameir, mbele ya Nassir, na mbele ya hawa wote nisiowajua. Nimekurejea kwa sababu nilikuwa mjinga. Niliapia jina lako kwa kuwa sina kitu kingine cha thamani cha kuapia. Ile Jumbo hata kuigusa sijaigusa. Wewe umeninyanyua mimi tangu sina hata kiti cha kunyolea. Nilinde nini kwake, nikupoteze wewe?"

Mama mmoja wa Kizulu nyuma yetu akasema "Hawu, baba!" akaanza kupiga makofi bila kujua ni kwa ajili ya nini. Wengine wakamfuata. Nassir alikuwa kajifunika uso kwa pasipoti, mabega yanatikisika. Mimi nilikuwa nimejiandaa kucheka, wallahi, lakini nikajikuta namnyooshea kanzu begani. Nikamwambia, "Haya, pita, unazuia watu."

Tukakaa, tukafunga mikanda. Ndipo akafumbua macho sawasawa. Akaangalia mbele, akaangalia nyuma.

"Tumu," akasema polepole. "Ngazi ya kwenda juu iko wapi?"

Nikachomoa kile kikadi cha usalama mfukoni mwa kiti nikampa. Akakisoma. Akakisoma tena. Akachungulia dirishani, akahesabu.

"Boeing," akasema.

"Boeing."

"Kwa hiyo hukuachika."

"Hata dakika moja."

"Na ulijua?"

"Tangu kaunta."

Nikangoja aghadhibike. Shingo ilianza kumvimba, naijua ile shingo. Lakini hapo injini zikalia, kiti kikatusukuma mgongoni, na mume wangu, bingwa wa ndege wa Rosettenville yote, akanidaka mkono akaubana mpaka pete ikaniuma. Ardhi ikatuacha. Akaniinamia sikioni.

"Nimekurejea," akasema.

"Hujaniacha, baba Samira."

"Najua. Nasema tu."

Nikamwacha aseme, akasema mara nyingi, mpaka tukapita mawingu. Kiapo chake kilikuwa bado kizima, hakijaguswa, na tiketi za kurudi zilikuwa mkobani mwangu, zimeandikwa A380. Hilo nikaamua nitamwambia tukimaliza Umra, akishakunywa Zamzam na moyo umetulia.