Mita Zilizokwenda Msibani

Mimi si mtu wa kutulia. Nikikaa kitini nusu saa, goti langu huanza kucheza lenyewe, na wenzangu wa ofisini Moshi mjini hunitania kwamba nilizaliwa njiani. Ukaguzi unataka mtu mwenye subira, nami subira sikujaliwa.

Mwaka ule nilipangiwa kukagua mkataba wa mita za maji zinazojisoma. Shirika la umma la maji lilikuwa limeipa kampuni moja kazi ya kufunga mita ambazo kila Alhamisi zingetuma zenyewe usomaji kwenye kompyuta, bila mtu kupita nyumba kwa nyumba. Wasoma mita wa zamani walikuwa wameshapunguzwa. Nilipekua majedwali siku nne, na kila kitu kilikuwa safi mno. Usafi ule ulinikera.

Siku ya tano nikaona pengo. Katika kijiji kimoja cha mlimani, tena kijiji chetu, kuna Alhamisi ambayo hakuna mita hata moja iliyotuma kitu. Zote zilituma Ijumaa. Nikaitazama ile tarehe, nikaikumbuka. Ndiyo siku tuliyomzika mama yangu mkubwa. Kijiji kizima kilikuwa kihambani kwetu, katikati ya migomba, na baada ya ibada tulikula machalari, ndizi zilizopikwa na nyama. Kwetu siku ya maziko hakuna anayeshika kazi. Lakini mita nazo zilikuwa msibani?

Nikampigia mama simu, nikamuuliza nani mwingine alizikwa Alhamisi, na lini, mpaka akanikaripia, "We mtoto, una nini na marehemu leo?" Kila Alhamisi aliyoitaja, mita zilikuwa kimya. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Nilizunguka meza yangu kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Alhamisi iliyofuata nilipanda mlimani asubuhi. Nyuma ya nyumba yetu nilimkuta mzee amechuchumaa, anafuta kioo cha mita kwa jani kavu la mgomba, simu mkononi. Alikuwa msoma mita yule yule wa utotoni mwangu, aliyekuwa akinisimamisha mbele ya mita ya zamani nimtajie tarakimu. Furaha yote ikaniisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwona mama?"

Nilimweleza kilichonileta. Hakuficha kitu.

"Hivi vidude havishiki mtandao humu migombani," alisema. "Havijawahi. Kampuni wakanifuata kimyakimya: we pita, soma, andika kwenye simu, ukifika barabarani tuma. Nikawaambia siku ya msiba sifanyi. Wakasema haina shida, nani atajua?"

Akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Ukiandika, watanitoa. Ndiyo kazi niliyobaki nayo, mwanangu. Nikishinda nyumbani miguu inaniuma."

Nilikwenda hadi kwenye banda la ng'ombe, nikarudi, nikaenda tena. Nilikuwa na hasira na kampuni, na yeye, na zaidi na kumbukumbu yangu mwenyewe. Mkaguzi mwingine yeyote, mgeni wa kijiji kile, angeona pengo la siku moja akapita zake.

Niliandika. Kampuni ilikuwa inalipwa kwa kazi ya mashine ambayo mashine haikuifanya, na hilo sikuweza kulifunika. Lakini kabla taarifa haijatoka nilipanda tena mlimani, nimwambie kwa mdomo wangu. Nilimkuta pale pale, kwenye mita ya mama.

"Nimeandika, baba. Nisamehe."

Alimaliza kufuta kioo cha mita. Kisha akauliza, "Umeniandika nani?"

"Majina hatuandiki. Upo kwenye hoja namba nne."

"Hoja ndiyo nini?"

"Jambo tulilolikuta, ambalo shirika lazima lilijibu."

"Na likishajibiwa?"

Nilitazama viatu vyangu. Jibu lake nalisema ofisini kila siku, hata na chai mdomoni.

"Hoja inafungwa, baba."

Akaitikia kwa kichwa. Akainama, akasoma mita ya mama, akaandika kwenye simu, akaenda nyumba ya pili, kwa sababu ilikuwa Alhamisi.